Ukurasa Wetu Umenyamaza

Nilikuwa nimeshalivuka lango, na mguu wa kushoto umeshaanza kuteremka kilima, nilipokumbuka kwamba swali langu halijajibiwa. Sikusimama. Koti lilikuwa bado na joto la mapaja ya Eliwaza, maana nilikuwa nimelichukua mikononi mwake, na ndani ya bitana ulikuwamo ukurasa wetu, umeshonewa humo kama ilivyo desturi ya kilima kile. Nyuma yangu binti yetu Damari alikuwa akilia, kilio cha mtoto mchanga aliyenyimwa kitu kidogo. Nilikuwa nimewaambia majirani naenda kutazama kama mvua inakuja. Mke wangu nilimuuliza waziwazi: "Eliwaza, niende?" Naye alinitazama, midomo ameifumba, asiseme kitu. Basi nikaenda. Kabla sijafika kona ya kwanza kitu kidogo kilidondoka kwenye mawe, kikalia ti. Sikugeuka.

Kona ya kwanza ilinichukua miaka kumi na mmoja. Ya pili sikuihesabu. Njia ya kushuka kilima kile haipimwi kwa hatua. Unainama kufunga kamba ya kiatu ukiwa kijana, unainuka una mvi kifuani. Nilipita mji wa watu wanaochonga milango na hawana nyumba. Nilipita mji ambao kila mtu aliniita kwa jina la mtu mwingine, nami nikaitika, nikala chakula cha huyo mtu, nikalala usingizi wake, na nilipoondoka walimlilia yeye. Shule yangu niliipata humohumo njiani, kwa vipande: herufi hii kwenye gunia la chumvi, ile kwenye jiwe la kaburi, darasa la pili nimelisoma mara tatu katika miji mitatu, la tatu sikulifikia. Siku herufi zilipokubali kukaa pamoja nilikuwa kibarua katika mji wa wakamua alizeti. Nikafumua bitana, nikausoma ukurasa wetu kwa kidole. Ulizungumza juu ya mtu aliyelala mgonjwa: kwamba awatumie ujumbe wazee wa kanisa, na wazee waende kwake na mafuta, wamwombee. Nilicheka. Mafuta yalikuwa yamenifika kwenye viwiko. Nikawaambia vibarua wenzangu kwamba baba yangu na babu yangu walilinda maisha yao yote karatasi ya watu wa mashine ya kukamua. Halafu, kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine, nikachana ukingo wake mweupe, ule wa upande wa ndani ambao tangu zamani ulikuwa na meno ya kuchanika, nikasokotea tumbaku. Niliendelea hivyo majira mawili matatu, kidogo kidogo, mpaka ukingo ukaisha. Maandishi sikuyagusa. Hilo nataka lijulikane, ingawa sijui nani analitaka.

Sasa niseme kilima chenyewe kilivyokuwa, maana asiyekijua atadhani naeleza watu wabaya. Kule watu waliuliza swali moja juu ya kila kitu: imeandikwa wapi? Kabla ya kujenga, kabla ya kuimba, kabla ya kusimama au kuketi mbele za Mungu. Katika mwaka wa moto mwingi wazee wa kwanza walikichana Kitabu ukurasa kwa ukurasa, wakaipa kila nyumba ukurasa mmoja iulinde, ili moto mmoja usije ukala chote. Mgongo wa Kitabu ulibaki kanisani, ndani ya sanduku, na meno yake ya karatasi yakionyesha kila ukurasa ulikuwa umekaa wapi. Likitokea jambo, walinzi walisimama kwa mstari kwa mpangilio wa kurasa zao. Ukurasa ungeweza kusema kwa namna tatu. Kwa agizo, ukisema fanyeni. Kwa mfano, ukionyesha wale wa kwanza wakifanya. Na kwa lazima, pale kurasa mbili zikisimama bega kwa bega zinapozaa jambo ambalo huwezi kulikwepa. Kila mlinzi kwa zamu yake alisema, "Ukurasa wetu unasema," au, "Ukurasa wetu umenyamaza." Wakinyamaza wote, mzee wa zamu aliligeuza benchi la mbele miguu juu, na jambo limekufa. Kwao, Kitabu kikinyamaza kimekataza.

Ndivyo walivyojenga kanisa lile. Agizo la kukusanyika lipo, wakasema, basi lazima pawe na mahali. Mahali lazima pawe na kuta, ama sivyo ni uwanja tu. Kuta nazo, zinalazimisha paa? Hapo walikwama miezi minne. Mwishowe nusu ya kanisa iliezekwa na nusu ikaachwa wazi, na unaweza kukuta mke yuko kivulini, mume yuko juani, wanaimba wimbo mmoja. Mabenchi hayakuwa na egemeo, maana lazima iliishia kwenye makalio. Usicheke. Nimekaa na watu wa miji mingi wanaocheka kwa wepesi, na sijaona kati yao mtu anayemwogopa Mungu kama walivyomwogopa wale. Hofu yao haikuwa ya kupigwa. Walihofu kumpelekea kitu asichokiomba, kama mtoto anayemletea baba yake chakula asichokula na kumwona akila kwa kulazimika.

Kimya. Nimetembea na kitu hiki mgongoni kuliko nilivyotembea na ukurasa. Mtu akinyamaza, amesema nini? Wale mlimani walisikia katika kimya cha Kitabu mlango unaofungwa. Mimi katika kimya cha mke wangu nilisikia mlango unaofunguliwa, nikapita. Kimya ni kimoja. Hakina rangi, hakina harufu, ukikionja hakina chumvi. Nani aliyetia ndani yake hapana yao, na nani aliyetia ndiyo yangu? Nilikuwa nikijiuliza hivyo nikiwa nimelala chini ya mapipa, nikiwa nimejibanza kwenye vibaraza vya watu. Niliwahi kuuliza jiwe, na jiwe likanyamaza, nikaona kabisa kwamba naweza kufanya nalo nitakalo. Nikaogopa. Maana yule anayenyamaza yumo mikononi mwa anayesikiliza. Anaweza kugeuzwa kuwa chochote. Hata muuaji. Hata rafiki. Na huenda wakati wote huo hakuwa akisema na wewe.

Sikukusudia kurudi. Njia ilipinda kona ya tatu na pale mbele likawa lango lilelile. Kijana mmoja alikuwa akitoka, ana haraka, koti amelivaa upande mmoja, mtoto analia nyuma yake. Tukagusana mabega. Nilimjua. Nilijua hata anachokitafakari, kwamba atarudi kabla jua halijageuka. Nilikuwa na la kumwambia, tena fupi, lakini baada ya miaka yote ile ulimi wangu ulitafuta neno na haukulipata. Nikanyamaza. Naye, bila shaka, akakifanya kimya changu ruhusa.

Nilipoingia kanisani mstari ulikuwa umeshasimama. Asubuhi, jua limejaa upande usio na paa. Nikakaa huko, na watu wakanitupia jicho kama wanavyomtupia mgeni. Mzee wa zamu alikuwa Sefania, kaka yake Eliwaza, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe kama pamba. Alikuwa akieleza jambo kwa sauti ya mtu anayebeba maji kwenye sahani. Dada yake amelala wiki ya tatu, alisema, na ameomba wazee waende kitandani kwake na mafuta. Maombi hayakuwa na shida. Maombi yana kurasa nyingi. Shida ni mafuta. Dada huyo aliulizwa habari ya mafuta ameitoa wapi, akasema marehemu baba mkwe wake, yaani baba yangu mimi, aliwahi kulitamka neno hilo akiukunja ukurasa wake. Lakini neno la marehemu si ukurasa. Basi Sefania akawaomba walinzi waseme.

Wakasema. Umenyamaza. Umenyamaza. Wa tatu alikuwa na mfano wa mafuta ndani ya taa, wakauchunguza, wakaona taa si mgonjwa. Umenyamaza. Nilikuwa nikifuata mstari kwa macho mpaka nikafika mahali petu, karibu na mwisho, na pale alikuwa amesimama mwanamke wa makamo mwenye paji la uso la mama yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho katika kutembea kote sikuwahi kukiuliza: mahali petu hapakubaki wazi. Desturi haikuruhusu. Mlinzi akiondoka na ukurasa wake, wa nyumba yake husimama badala yake, na kwa kuwa hana cha kusoma, husema umenyamaza. Eliwaza alikuwa amesimama pale miaka yote ile, kila jambo, akisema neno hilo juu ya ukurasa ambao hajawahi kuuona maandishi yake. Leo, kwa kuwa hawezi kusimama, amemtuma binti yake.

"Ukurasa wetu umenyamaza," Damari akasema.

Waliobaki wakamaliza. Sefania akaliinamia benchi. Nilimwona akilishika, akaligeuza miguu juu taratibu kama anayemlaza mtoto.

Nikasimama. Nikasema haujanyamaza, upo kwangu.

Bibi mmoja aliyekaa juani, jirani yetu wa zamani, akanikazia macho. "Huyu si yule aliyekwenda kutazama mvua?" akawauliza wenzake. Kisha akanigeukia. "Haya, Shadraka. Inakuja?"

Wachache wakacheka, kisha wakaona aibu. Damari hakucheka. Nilifumua bitana kwa meno mbele yao, nikautoa ukurasa, nikausoma kwa kidole, neno kwa neno, na kanisa zima, kivulini na juani, likawa kama limemwagiwa maji. Agizo. Agizo lenyewe, lisilohitaji mfano wala lazima. Mgonjwa, wazee, mafuta, hata ule ujumbe wa kuwaita. Nilimwona Sefania akifumba macho, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa kijana.

Halafu akafanya alichopaswa kufanya. Akafungua sanduku, akautoa mgongo wa Kitabu, akaulaza ukurasa wangu mahali pake, ili meno ya karatasi yakutane na meno. Hayakukutana. Kati ya ukurasa na mgongo palikuwa na uwazi wa vidole viwili.

"Ukingo wake uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia niliusokotea tumbaku.

Aliniinulia macho. Hakukuwa na hasira machoni pake, ningeiweza hasira. Wakaanza kusemezana. Mmoja akasema ni lazima uwe wenyewe, kwani hakuna mwingine uliopotea. Mwingine akajibu kwamba karatasi za Vitabu zimejaa katika miji ya chini, na za waandishi wa uongo vilevile, na mtu aliyeitikia majina ya watu wengine anaweza kubeba ukurasa wa watu wengine. Nilishangaa alijuaje. Sefania alisikiliza pande zote, kisha akatangaza siku tatu za kufunga, na siku ya tatu watakutana tena. Akanifuata mlangoni.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya chini, "nikiikubali leo karatasi isiyo na ukingo kwa sababu mgonjwa ni dada yangu, kesho nitakataa ipi? Niambie wewe uliyetembea."

Nikashika njia ya nyumbani. Swali hilo bado ninalo.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Damari alinitangulia, hakunisalimia, hakunizuia. Juu ya kigoda kando ya kitanda palikuwa na kisahani cha mafuta ya alizeti kilichofunikwa kwa kitambaa. Mafuta yalikuwa yakingoja tangu wiki ya kwanza, na nzi walikuwa wameshapata njia. Eliwaza alikuwa mdogo sana. Kitanda kilikuwa kimebaki ukubwa uleule na yeye amepungua ndani yake.

"Amekuja," Damari akamwambia. "Na ukurasa wetu ulikuwa unasema, mama. Mimi nimesimama mbele ya watu nikasema umenyamaza. Kwa mdomo wangu huu."

"Mimi nimesema hivyo mara ngapi?" Eliwaza akajibu. "Nenda kaweke maji."

Damari hakwenda. Alinigeukia mimi, akaniambia nimpake mama yake mafuta, sasa hivi, kwani kinachongojwa ni nini. Nikachovya kidole. Na hapo, jamani, mkono ukagoma. Mimi niliyepita kila lango bila kuuliza, niliyelala katika usingizi wa wengine, nilisimama na kidole kinachodondosha mafuta nikikumbuka kwamba ukurasa umesema wazee wa kanisa, na mimi sikuwa mmoja wao, na kwamba ni mimi peke yangu mlimani pote niliyejua kwa hakika kwamba ukurasa ule ni wa kweli. Siku yangu ya kwanza ya utii. Ilikuja ikiwa imechelewa hivyo, na ikamwangukia mtu asiyestahili kulipa gharama yake.

Eliwaza aliona. Alikuwa akiniona tangu zamani.

"Basi nipake magotini," akasema. "Hayo yananiuma tu kwa kusimama. Magoti hayahitaji ukurasa."

Nikaketi kitandani, nikamfunua miguu, nikampaka. Magoti yake yalikuwa magumu, yamevimba pembeni, magoti ya mtu aliyesimama mahali pa mwingine. Nilisugua polepole, duara kwa duara, na Damari akaketi chini sakafuni akiegemea ukuta, akaanza kulia kile kilio nilichokiacha langoni, hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Nje jua lilikuwa limesimama utosini. Nilisugua. Nikahisi kwamba kama kuna wakati wa kuuliza ni huu, na kama hakuna, basi nitauliza hivyohivyo.

"Eliwaza. Siku ile nilikuuliza, niende. Ukanyamaza."

"Siku ipi?"

"Nilipochukua koti."

Akafikiri. Paji la uso likakunjamana, likakunjuka. "Nilikuwa na uzi mdomoni, Baba Damari," akasema. "Nilikuwa nakata uzi. Ulilivuta koti hata sijautema."

Mikono yangu ilisimama juu ya magoti yake. Akaniashiria niendelee.

"Ungesema nini?"

"Ningekwambia kifungo cha pili kimelegea." Alipumzika. "Halafu ningesema usiende. Au ningesema la kifungo tu, sikumbuki. Ni miaka mingi."

Hayo ndiyo niliyoyatafuta kwa miguu kona tatu. Kimya kile hakikuwa hapana, wala hakikuwa ndiyo. Mtu alikuwa kazini. Alikuwa akinishonea.

Aliomba nimgeuze upande. Nikamgeuza. Akasema upande ule una upepo. Baadaye kidogo Damari alisimama, akamsogelea, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akakiacha pale, akakiacha, mpaka nikajua.

Yaliyofuata ni haya.

Eliwaza alizikwa siku ya pili, mashariki ya kanisa. Siku ya tatu mstari ulisimama, na baada ya kusemezana tangu asubuhi mpaka saa nane ukurasa ulikubaliwa kwa njia ya lazima. Sefania aliondoka hapohapo na wazee wanne na chupa ya mafuta, kwa sababu agizo lilikuwa limethibitishwa na agizo halingojwi. Walifika nyumbani, wakakuta kitanda kimeanikwa juani. Wakarudi na chupa.

Sefania aliacha uzee wa kanisa mwezi uleule. Alipougua hakumwita mtu. Alikufa kabla ya mavuno.

Ukurasa ulibandikwa kwenye mgongo wa Kitabu kwa gundi ya unga wa muhogo. Umekaa upande kidogo. Uwazi wa vidole viwili upo hadi leo.

Kanisa liligawanyika juu ya uwazi huo. Walioshuka kilima wamekata kingo za ndani za kurasa zao zote, kwa kuwa ukurasa wa agizo ulikuja bila ukingo, nao wanaushika huo kuwa mfano. Waliobaki wamebadili jambo moja tu: mlinzi asipokuwapo, wa nyumba yake hasemi tena umenyamaza, husema hayupo, na jambo linaahirishwa. Kwa kuwa daima kuna asiyekuwapo, tangu wakati huo hakuna jambo lililoamuliwa. Paa bado ni nusu.

Yule bibi wa upande wa juani yu hai. Huniuliza habari za mvua.

Damari yuko katika mji wa wakamua alizeti. Hashoni bitana ya mtu yeyote. Aliondoka bila kuniuliza, nami sikusema kitu.

Mimi nasimama mahali petu kwenye mstari. Magoti yananiuma. Koti nalifunga kwa mwiba. Kifungo cha pili kilianguka siku ileile, kabla ya kona ya kwanza. Nilikisikia.